Skripti ya kuingia imegoma: anza kwa kuuliza kama iliitwa

Simu yenyewe huja Jumatatu, saa mbili kasoro asubuhi. Mara ya mwisho alikuwa mhasibu wa ofisi moja ninayoihudumia, mama mtu mzima. "Mwanangu, ile H yangu haipo leo, na mishahara yote iko humo." Nikamwambia, "Shikamoo mama. Mishahara ipo salama kwenye seva, kilichokatika ni njia ya kuifikia tu. Naomba usizime kitu mpaka nifike."

Skripti ya kuingia ni faili dogo la amri ambalo Windows huliendesha mtu anapoingia kwenye akaunti yake. Linaunganisha folda za pamoja na herufi ya diski, kama ile H ya mama, linaleta printa, linanakili mpangilio fulani. Anayejifunza kazi hii, likigoma tu, hulifungua na kuanza kubadilisha mistari. Nilifanya hivyo mimi pia nilipoanza, nikaharibu skripti nzima isiyokuwa na kosa lolote. Kabla ya skripti kuendeshwa kuna mlolongo mrefu: kebo, anwani, DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani za mtandao), saa, seva ya domeni (inayosimamia akaunti na kompyuta zote za ofisi), sera (mipangilio ya Group Policy inayotoka kwenye seva hiyo). Kiungo kimoja kikikatika, skripti haiitwi kabisa, na hata ukiiandika upya mara kumi hutasaidia mtu.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, weka mstari huu juu kabisa ya skripti yako, chini ya `@echo off`:

`echo %date% %time% %computername% %username% >> %TEMP%\kuingia.txt`

Siku ya tatizo, nenda kwenye kompyuta ya mtumiaji, fungua Run, andika `%TEMP%` na utafute hilo faili. Kama lina mstari wa leo, skripti iliitwa na tatizo liko ndani yake au kwenye folda inayoitafuta. Kama halina, achana na skripti, shuka chini kwenye mlolongo.

Dalili ya 1: Hakuna kinachotokea, na faili la kumbukumbu halina mstari wa leo

Sababu ninayokutana nayo kuliko zote ni DNS, na ndiyo inayowachanganya watu kwa sababu intaneti inafanya kazi vizuri kabisa. Mtumiaji anafungua barua pepe, anasoma habari, halafu anakwambia mtandao ni mzima. Ni mzima kwenda nje. Kompyuta iliyoungwa kwenye domeni haimtafuti msimamizi wake kwa kubahatisha, huuliza DNS: seva ya domeni hii iko wapi? Swali hilo linaweza kujibiwa na DNS ya ndani peke yake. Ukilipeleka 8.8.8.8, ambayo ni DNS ya nje ya Google, inajibu kwamba jina hilo haliko duniani.

Fungua kidirisha cheusi cha amri (cmd), andika `ipconfig /all` na usome mstari wa DNS Servers. Panapaswa kuonekana anwani ya seva yako ya domeni, tuseme 192.168.1.10, basi. Kama unaona anwani ya rauta au ya nje, umepata mgonjwa. Kwa yule mama mhasibu ilikuwa hivyo hivyo: Ijumaa jioni watu wa intaneti walibadilisha rauta, na rauta mpya ikaanza kugawa anwani kwa DHCP yake yenyewe, pamoja na DNS yake. Kompyuta zilizokuwa zimewashwa tangu asubuhi ziliendelea kufanya kazi hadi zilipozimwa. Zilizowashwa Jumatatu zote zikapotea. Zima DHCP ya rauta, iache ya seva, kisha kwenye kompyuta andika `ipconfig /release`, `ipconfig /renew` na `ipconfig /flushdns`.

Kuna watu huweka seva ya ndani kwanza, kisha 8.8.8.8 ya pili, eti kwa tahadhari. Usifanye hivyo. Windows ikishahamia kwenye ile ya pili kwa sababu ya kwanza ilichelewa kidogo, inaweza kubaki huko, na utapata tatizo linalokuja na kwenda bila mpangilio. Anwani ya nje mahali pake ni kwenye seva yenyewe, upande wa forwarders: kompyuta zinaiuliza seva, na seva ndiyo inayouliza nje.

Kuthibitisha kwamba DNS inaonyesha njia, andika hii ukiweka jina la domeni yako:

`nltest /dsgetdc:ofisi.local`

Ikikuletea jina la seva, kiungo hicho kiko sawa.

Sababu ya pili ni mtu kuingia bila kompyuta kufika kwa seva. Windows huhifadhi taarifa za watumiaji 10 wa mwisho ili waweze kuingia hata mtandao ukiwa chini. Kwa hiyo mtumiaji anaandika nywila, anakubaliwa, anaona kioo chake kama kawaida, kumbe seva haikuhusika hata kidogo. Laptopu za WiFi hupatwa sana na hili, maana mtandao hunaswa baada ya mtu kuwa ameshaingia. Andika `klist` kwenye kidirisha cheusi. Ikionyesha tiketi sifuri, yaani seva haikumpa kibali chochote, aliingia kwa kumbukumbu. Usiitegemee `%LOGONSERVER%` hapa, inaweza kuonyesha jina la seva iliyotumika mara ya mwisho. Tazama kebo, tazama taa ya swichi, mwambie atoke na kuingia tena. Likijirudia kwa kompyuta nyingi, washa sera iitwayo "Always wait for the network at computer startup and logon" iliyo chini ya Computer Configuration, Administrative Templates, System, Logon.

Sababu ya tatu ni ya wanaojifunza, nami siwalaumu, kwa sababu majina yanapotosha. Skripti ya kuingia iko upande wa User Configuration. Inamfuata mtumiaji, haiifuati kompyuta. Ukiifunga sera kwenye OU (folda ya domeni ya kupangia akaunti na kompyuta) ya "Maabara" yenye kompyuta 40 na isiyo na akaunti hata moja ya mwanafunzi, haitamgusa yeyote. Ama uifunge kwenye OU ya watumiaji, ama, kama unataka kila anayekaa maabara aipate na akitoka humo asiipate, uwashe loopback (mpangilio unaofanya sera ya mtumiaji ifuate kompyuta) kwenye sera hiyo. Ili kuona kilichofika na kilichokataliwa, mtumiaji mwenyewe aendeshe:

`gpresult /r`

Soma sehemu ya USER SETTINGS. Sera zilizokubaliwa zimeorodheshwa juu, zilizochujwa zimeandikwa chini pamoja na sababu. Amri hii moja imeniokolea saa nyingi kuliko kitabu chochote.

Kama sera imechujwa na wewe unaona mtumiaji yumo kwenye kundi sahihi, kumbuka sasisho la usalama la Juni 2016, MS16-072. Tangu hapo kompyuta ndiyo inayosoma sera za mtumiaji, kwa utambulisho wake yenyewe. Ukiondoa Authenticated Users (kundi la kila akaunti inayotambulika, ya mtu na ya kompyuta) kwenye uchujaji na kuweka kundi la walimu peke yake, kompyuta inakosa ruhusa ya kusoma na sera inapotea kimya kimya. Rudisha Authenticated Users, au weka Domain Computers, kwenye kichupo cha Delegation kwa ruhusa ya Read tu.

Zilizobaki ni za haraka. Faili lako linaweza kuwa `ramani.bat.txt` kwa sababu Windows inaficha viambishi vya majina ya mafaili. Kama unatumia kichupo cha Profile kwenye akaunti ya mtumiaji, andika jina la faili tu, wala si njia nzima, na faili liwe ndani ya NETLOGON, folda ya pamoja ya skripti kwenye seva ya domeni. Na kama kompyuta mpya ya dukani imekuja na Windows Home, usihangaike nayo, toleo hilo haliungwi kwenye domeni. Nunua leseni ya Pro au uache kuihesabu.

Dalili ya 2: Inafanya kazi, lakini inachelewa

Tazama saa kwenye `kuingia.txt`. Kama kila siku ni dakika tano baada ya mtu kuingia, hakuna kilichoharibika. Kuanzia Windows 8.1, skripti za kuingia zinazotoka Group Policy husubirishwa dakika tano ili kioo kifunguke haraka. Nimemwona kijana mmoja akibadilisha swichi nzima kwa ajili ya hizo dakika tano. Tafuta sera ya "Configure Logon Script Delay" chini ya Computer Configuration, Administrative Templates, System, Group Policy, uiweke Disabled, au Enabled kwa dakika 0. Ukiiacha Not Configured unabaki na tano.

Kama badala yake kioo kinakaa na kuzungusha kiduara kwa muda mrefu, skripti inasubiri jibu ambalo hakuna anayeliona. Inaendeshwa kwa kificho. Umeacha `pause` ya majaribio, au `net use` inauliza ndiyo au hapana kwa sababu kuna faili liko wazi, au inaomba nywila. Kikomo cha kawaida cha kusubiri skripti za Group Policy ni sekunde 600. Weka `/y` kwenye kila `net use` inayofuta, toa kila `pause`, na jaribu skripti kwa mkono ukiwa umeingia kama mtumiaji wa kawaida. Ukiijaribu kwa akaunti ya msimamizi, hujaijaribu.

Dalili ya 3: Iliitwa, lakini diski haionekani

Sasa ndipo unafungua skripti. Endesha mstari wa kuunganisha kwa mkono na usome namba ya kosa, kwa sababu kila namba ina njia yake:

`net use H: \\seva01\mishahara /persistent:no`

Kosa la 85 linasema herufi hiyo ina mwenyewe tayari, mara nyingi ni muunganisho wa jana au flashi iliyochukua herufi. Dawa ni kufuta kwanza kwa `net use H: /delete /y`, na kuchagua herufi za mwisho wa alfabeti ambazo flashi hazifiki.

Kosa la 53 ni njia haipatikani: jina la seva limekosewa, DNS, au ukuta wa moto. Jaribu kwa anwani badala ya jina. Ikikubali kwa anwani, rudi kwenye DNS. Kosa la 67 lina maana seva imeonekana ila folda yenye jina hilo haipo, na hapo kagua herufi moja moja, pamoja na nafasi. Njia yenye nafasi ndani yake lazima iwe kwenye alama za kunukuu.

Kosa la 1219 huwatesa watu: mtumiaji tayari ana muunganisho kwenye seva ileile kwa jina jingine. Tazama `net use` yenyewe bila kitu mbele, kisha `cmdkey /list`, ufute nywila zilizohifadhiwa zamani. Na 1326 ni jina au nywila si sahihi, kwa kawaida kwa sababu nywila ya zamani imehifadhiwa humohumo.

Kosa la 5 ni kukosa ruhusa, nami hapa naomba tusimame kidogo. Ndipo wengi hutumbukia. Kuna anayemwingiza mhasibu kwenye Domain Admins, kundi la wasimamizi wa domeni nzima, ili H ionekane. Kuna anayeandika nywila ya msimamizi ndani ya skripti. NETLOGON inasomwa na kila mwenye akaunti kwenye domeni: mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuifungua kwa Notepad. Microsoft yenyewe ilizuia kuweka nywila kwenye Group Policy Preferences mwaka 2014, kwa MS14-025, kwa sababu zilikuwa zinafumbuliwa kirahisi. Folda ina ngazi mbili za ruhusa, za kuishirikisha mtandaoni na za NTFS (za mafaili kwenye diski yenyewe), na ile kali zaidi ndiyo inayoshinda. Tengeneza kundi la wahasibu, lipe ruhusa kwenye zote mbili, mwingize mama, mwambie atoke na kuingia upya. Uanachama mpya wa kundi haufanyi kazi mpaka mtu aingie tena.

Kama hakuna namba ya kosa na mstari wa kwanza tu ndio unaokataa, unaweza kuona kitu kama hiki:

`'∩╗┐@echo' is not recognized as an internal or external command`

Vile vidude vitatu vya mwanzo ni alama ambayo programu ya kuandikia iliiweka ilipohifadhi faili kama UTF-8 yenye BOM. Hifadhi upya kama ANSI au UTF-8 ya kawaida. Alama za kunukuu zilizopinda, zile zinazotoka kwenye Word au kwenye ujumbe wa simu, nazo huua amri vivyo hivyo. Zifute uziandike mwenyewe kwa kibodi.

Wengine huweka `net use` kwenye skripti ya kuwashia kompyuta badala ya ya kuingia. Ile huendeshwa na mfumo wenyewe kabla mtu hajakaa kitini, kwa hiyo diski haimfikii mtumiaji. Na msimamizi anayeiendesha skripti kwa haki zilizoinuliwa atashangaa kwamba herufi iko kwenye kidirisha cheusi ila haipo kwenye File Explorer. Ni vikao viwili tofauti.

Mwisho wa sehemu hii ni jambo jipya kidogo. Kompyuta zilizopandishwa hadi Windows 11 24H2 zinadai saini kwenye mawasiliano ya SMB (njia ya Windows ya kushiriki mafaili) na zinakataa kuingia kama mgeni. Kisanduku cha zamani cha kuhifadhia mafaili kilichokuwa kinafunguka bila nywila hakifunguki tena. Sasisha programu ya kisanduku na ukiwekee akaunti halisi. Usikubali ushauri wa kuirudisha SMB1, toleo la zamani: kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita humo.

Dalili ya 4: Kompyuta inakataa kabisa, inasema trust relationship (uaminifu kati yake na domeni) imeshindwa

Kabla ya jambo lingine, tazama saa na tarehe kwenye kona ya kioo. Kerberos, mfumo wa kuthibitisha anayeingia kwenye domeni, haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya kompyuta na seva. Kompyuta iliyokaa miaka kadhaa kwenye joto na umeme wa kukatika hufa betri yake ndogo ya CR2032, na kila ikizimwa inarudi miaka nyuma. Betri ni bei ya soda chache. Badilisha, kisha `w32tm /resync`. Zikikosea zote kwa pamoja, tazama saa ya seva, maana zote zinaifuata hiyo.

Saa ikiwa sawa, fikiria nywila ya kompyuta. Naam, kompyuta nayo ina nywila kwenye domeni, na huibadilisha yenyewe kila siku 30. Maabara nyingi za shule zina programu ya kugandisha diski, ambayo kila asubuhi hurudisha kompyuta kama ilivyokuwa. Mwezi ukitimia, kompyuta inabadilisha nywila, asubuhi inagandishwa na kurudi kwenye ya zamani, na seva haiitambui tena. Kwa mashine zilizogandishwa, zuia ubadilishaji huo kwa sera ya "Domain member: Disable machine account password changes". Sababu nyingine ni kompyuta mbili zenye jina moja, matokeo ya kunakili diski ya mashine ambayo tayari imo kwenye domeni.

Ili kurekebisha, si lazima uitoe kwenye domeni. Ingia kwa akaunti ya ndani ya msimamizi, fungua PowerShell kwa haki zilizoinuliwa:

`Test-ComputerSecureChannel -Repair -Credential OFISI\msimamizi`

Ikijibu True, umemaliza. Onyo: usiitoe kompyuta kwenye domeni kabla hujathibitisha kwa kuingia kwamba unajua nywila ya akaunti ya ndani. Ukishatoka na huijui, umejifungia nje.

Dalili ya 5: Leo inakubali, kesho inakataa, bila mpangilio

Kama umeshahakikisha DNS haina anwani ya nje, na una seva mbili za domeni, linganisha:

`dir \\seva01\netlogon`
`dir \\seva02\netlogon`

Tarehe au ukubwa vikitofautiana, seva zimeacha kunakiliana, na mtumiaji anapata skripti mpya au ya zamani kulingana na seva iliyompokea. Fungua Event Viewer kwenye kila seva, upande wa DFS Replication. Tukio la 2213 lina maana seva ilizimika vibaya, kwa kawaida umeme umekatika na UPS imeisha, na unakili umesimama ukisubiri uamuzi wako. Tukio la 4012 lina maana seva hiyo imekaa bila kunakili kupita muda unaoruhusiwa, ambao kwa kawaida ni siku 60.

Ukiona 4012, simama hapo. Kuna njia ya kurudisha unakili, lakini lazima uchague seva ipi ni ya kweli, na ukichagua vibaya sera za ofisi nzima zinafutwa na toleo la zamani. Simama pia kama umeona mtu amerudisha seva ya domeni kutoka snapshot (picha ya zamani ya seva nzima), kama `dcdiag` (amri ya kupima afya ya seva ya domeni) inaleta makosa kwenye seva pekee uliyonayo, au kama kuna akaunti kwenye Domain Admins ambayo hakuna anayeijua. Hiyo ya mwisho ni uvamizi mpaka ithibitike vinginevyo: chomoa kebo ya intaneti, seva iache iwake, usifute kitu.

Unapompigia mtaalamu, mwandalie mambo manne: ripoti ya `gpresult /h ripoti.html` kutoka kompyuta moja iliyogoma na moja iliyokubali, matokeo ya `dcdiag` kwa kila seva, orodha ya kilichobadilishwa wiki hiyo hata kama ni rauta tu, na tarehe ya nakala ya mwisho ya seva. Nakala ya Active Directory (hifadhidata ya domeni) yenye zaidi ya siku 180 kwa kawaida hairudishiki, kwa hiyo hiyo tarehe ndiyo atakayoiuliza kwanza.